Uzamili wa masuala ya usalama: Mganda aombe ufadhili wapi, na aombeje

Ukitafuta mtandaoni ufadhili wa "usalama wa taifa", majibu ya mwanzo karibu yote si ya kwako. Maarufu zaidi ni Boren, uliotokana na sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 1991. Unamlipia raia wa Marekani akasome lugha na nchi zinazogusa usalama wa kwao, naye analipa deni hilo kwa kuitumikia serikali yao angalau mwaka 1. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha hizo, yaani kuna kijana wa huko anayelipwa ajifunze lugha ambayo askari wa Kabamba, kwenye shule yetu ya kijeshi, anaisema bila kufikiri. Wewe Mganda huna nafasi hapo. CyberCorps, unaolipia masomo ya usalama wa mtandao, nao ni wa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Achana nayo mapema.

Fedha za Mganda zipo, ila zimewekwa chini ya majina mengine: amani na utatuzi wa migogoro, sera za umma, utawala bora, uhusiano wa kimataifa, usalama wa mtandao, sheria za kimataifa, uhalifu wa kifedha, uhamiaji na mipaka. Tafuta kwa majina hayo. Na kabla hujatafuta, amua kazi unayoiendea, kwa sababu kozi hufuata kazi na mfadhili hufuata kozi. Anayetaka kuchambua miamala yenye shaka katika Mamlaka ya Taarifa za Fedha (FIA) hahitaji kozi ileile ya anayetaka kukaa kwenye dawati la tahadhari za migogoro CEWARN, kitengo cha IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake) kilichopo Addis Ababa. NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, wanataka mtu wa mifumo ya kompyuta, na Kikosi cha Dharura cha Afrika Mashariki (EASF) kule Nairobi kinataka mtu anayejua jinsi misheni ya kulinda amani inavyopangwa na kulipiwa. Wengi huanza na mfadhili, wakaishia kuandika insha ya usalama kwa kozi ya biashara. Msomaji wa maombi huligundua hilo kwenye aya ya kwanza.

Jua kwanza unaomba ukiwa nani

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na huwa hawaambiwi sababu. Ufadhili uleule unaweza kuwa wazi kwa raia wa kawaida na kufungwa kwa aliyevaa sare.

Kama wewe ni raia usiyefanya kazi serikalini, karibu milango yote iko wazi. Kizuizi chako kitakuwa uzoefu wa kazi, si sare.

Kama wewe ni mtumishi wa umma, mfano Uhamiaji, wizarani au kwenye ofisi ya RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), unahitaji ruhusa ya masomo iliyoandikwa na mkuu wako wa ofisi kabla ya kuondoka. Wapo wanaodhani barua ya ufadhili inatosha. Wakiondoka bila ruhusa, mshahara husimamishwa na faili lao husomeka kama la mtoro. Omba ruhusa mara tu unapoitwa kwenye usaili, usingoje matokeo, maana faili hupita mezani kwa watu kadhaa. Upande mwingine, ziko nafasi zinazokutaka wewe hasa: programu za uzamili za KOICA, shirika la misaada la Korea Kusini, ni za watumishi wa umma, na serikali yako ndiyo inayopeleka jina. Kwa hizo, mtu wa kwanza kumwona ni afisa rasilimali watu wa wizara yako.

Kama uko UPDF, yaani jeshini, soma vifungu vya kutostahili kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Ufadhili wa serikali ya Japani (MEXT) haumpokei mtu ambaye wakati wa kufika Japani bado ni mwanajeshi au mtumishi wa kiraia wa jeshi. Australia Awards nayo haichukui mwanajeshi aliye kazini. Mtu anaweza kutumia miezi miwili kuandika pendekezo la utafiti la MEXT kisha akatolewa kwa mstari mmoja wa masharti. Chevening ya Uingereza haina kifungu cha namna hiyo.

Kwa askari kuna pia njia zisizoombwa na mtu binafsi. IMET, mpango wa Marekani wa kufundisha wanajeshi wa nchi nyingine, hupita kwa makubaliano ya jeshi lako na ubalozi. Kuandikia ubalozi wewe mwenyewe hakusaidii, na kunaweza kukuletea maswali kwa wakuu wako. Kazi yako ni kuhakikisha kumbukumbu zako makao makuu Mbuya zimekamilika: cheo, tarehe za kozi ulizopita, shahada uliyoongeza ukiwa kazini. Wengi wana shahada ambazo faili halizijui. Kumbuka pia kwamba jina litakalopelekwa Marekani hupitia uchunguzi wa sheria ya Leahy, inayozuia msaada kwa vikosi vyenye ushahidi wa kuaminika wa kukiuka vibaya haki za binadamu. Wanachukua jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, cheo na kikosi. Jina likitofautiana na la pasipoti, uchunguzi husimama na kozi huanza bila wewe.

Milango yenyewe

Chevening ndiyo tungeiweka mbele kwa mtu wa fani hii, kwa sababu inalipia uzamili wa mwaka 1 katika kozi karibu yoyote na haikulazimishi kuuvika usalama nguo ya maendeleo. Dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Usaili hufanyika kuanzia mwishoni mwa Februari, na majibu hutoka katikati ya mwaka. Inataka shahada ya kwanza, uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na ahadi ya kurudi nyumbani kwa muda usiopungua miaka 2. Unachagua kozi 3. Kwa vita na mikakati, Idara ya War Studies ya King's College London inajulikana kote. Kwa amani, Bradford imefundisha somo hilo tangu miaka ya 1970. Kwa usalama wa taarifa, Royal Holloway. Usijaze zote tatu na vyuo vinavyodai daraja la juu kabisa: weka kimoja cha ndoto na viwili ambavyo alama zako zinavifikia bila kunyoosha vidole.

Hesabu ya saa huwatisha watu bure. Saa 2,800 ni wiki 40 za saa 35 kwa miaka 2. Kazi za kujitolea, za muda na mafunzo ya kazini huhesabiwa. Mtu aliyefanya kazi wiki 65 kwa saa 40 ana saa 2,600, na akiwa amejitolea kwenye shirika la haki za wakimbizi saa 5 kwa wiki kwa wiki 40 anapata 200 zilizobaki. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya kufungua fomu, pamoja na jina la mtu anayeweza kuithibitisha kila kazi.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola (CSC), nao wa Uingereza, una mada 6 na moja wapo ni kuimarisha amani, usalama na utawala duniani. Chagua hiyo, lakini ujue wasomaji wao wanapima faida kwa maendeleo ya Uganda, wala si ubora wako wa kimkakati. Wanataka daraja la pili la juu, ambalo kwa mfumo wa Makerere ni wastani wa 3.60 hadi 4.39. Mwenye daraja la pili la chini huhitaji sifa nyingine ya uzamili inayohusiana. Ule wa Shared Scholarships, ambao gharama zake hugawanywa na chuo, haumtaki aliyewahi kusoma au kufanya kazi mwaka mzima kwenye nchi tajiri. Wale waliokwenda kulinda majengo Dubai wasome kifungu hicho mara mbili.

Ulio karibu kabisa na nyumbani ni wa Rotary, kwenye kituo chake cha amani hapo hapo Makerere, cha kwanza Afrika, kilichopokea kundi la kwanza mwaka 2021. Hii ni stashahada ya uzamili ya mwaka 1 kwa watu walio kazini. Kuna wiki 2 mtandaoni, wiki 10 chuoni na kwenye ziara, miezi 9 ya kutekeleza mradi wako ukiwa kazini, kisha semina ya mwisho. Inataka uzoefu wa miaka 5. Kwa afisa wa polisi wa ngazi ya kati au mfanyakazi wa kamati ya amani Karamoja, mpango huu unafaa kuliko kwenda Ulaya, kwa sababu huachi kazi na mradi wako ndio mtihani. Siku ya mwisho ya kuomba huwa 15 Mei. Wanachama wa Rotary na wazao wao wa moja kwa moja hawaruhusiwi, kwa hiyo kama mzazi wako ni Mrotari, tafuta kwingine. Rotary hulipia pia uzamili kamili, ila lazima uusome nje ya nchi yako.

Uswidi ina ufadhili wa Swedish Institute, na Uganda imekuwa ikiingia kwenye orodha yake. Hakikisha kwa mwaka unaoomba. Hapa kuna mtego wa tarehe: unaomba chuo kwanza, katikati ya Januari, ukilipa ada ya krona 900, na ufadhili wenyewe huombwa Februari. Anayesubiri tangazo la Februari amechelewa mwezi mzima. Uzoefu unaotakiwa ni saa 3,000, kwa hiyo aliyepita Chevening kwa nywele moja huanguka huku. Uppsala ndicho chuo cha kutazama kwa masomo ya amani na migogoro.

Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, na unasoma nchi mbili au zaidi. Kuna kozi ya usalama, ujasusi na mikakati inayoongozwa na Glasgow pamoja na vyuo vya Dublin, Trento na Prague. Kila mwaka tazama kwenye orodha rasmi ya Umoja wa Ulaya kama kozi unayoitaka bado ina fedha za ufadhili. Kozi inaweza kuendelea kupokea wanafunzi wa kujilipia baada ya fedha za Ulaya kwisha, na tovuti yake ikabaki inang'aa vilevile. Maombi mengi huwa kati ya Oktoba na Januari.

Usipuuze kanda yetu. Taasisi ya masomo ya amani na usalama ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa (IPSS) ina uzamili uliojengwa kwa ajili ya watu wa Umoja wa Afrika na serikali wanachama, na Gulu ina taasisi yake ya amani na mikakati. Kwa kazi za ndani ya Uganda, rafiki uliyesoma naye Addis anaweza kukufaa kuliko cheti cha London.

Insha ndiyo kazi kubwa

Chevening huuliza mambo manne: uongozi wako, jinsi unavyojenga mahusiano ya kikazi, kwa nini kozi hizo, na mpango wako wa kazi. Wengine huuliza hayohayo kwa maneno yao. Mwombaji wa fani ya usalama huanguka kwa namna moja inayojirudia: anaandika uzalendo badala ya tatizo. Tazama:

"Tangu utotoni nimeipenda nchi yangu na nimekuwa na shauku ya kupambana na ugaidi na uhalifu wa kimataifa."

Hapo hakuna kitu cha kushika. Sasa linganisha:

"Februari 2024 Uganda iliondolewa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, ilipokuwa tangu Februari 2020. Sheria sasa zipo. Kinachokosekana kwenye dawati letu ni mpelelezi anayeweza kufuata pesa za simu kutoka laini moja hadi ya tano bila kupotea. Nikirudi, ndani ya mwaka wa kwanza nitaandaa mwongozo wa kurasa 20 na kufundisha wapelelezi 30 wa mkoa wetu."

Ya pili ina tarehe, ina pengo, ina idadi ambayo msaili anaweza kuihoji. Na atakuhoji kweli: kwa nini 30, nani atalipia chumba, mkuu wako amekubali? Usiandike namba usiyoweza kuitetea.

Kwenye uongozi, cheo si jibu. "Nilikuwa naongoza askari 40" ni maelezo ya muundo wa jeshi. Eleza uamuzi mmoja uliowashawishi watu ambao hukuwa na amri juu yao: wazee wa kijiji, maafisa wa wilaya, wenzako wa cheo sawa. Mtu aliyezoea amri huliona swali hili gumu, na ndiyo maana wanaliuliza.

Kisha kuna yale yasiyoandikwa. Sheria ya Siri za Serikali haisimami kwa sababu unaomba chuo. Usitaje majina ya operesheni zisizotangazwa, idadi ya watu kwenye kituo, vyanzo vya habari, vifaa, wala picha za kambi. Yaliyo hadharani yanatosha: Uganda iliingia Somalia Machi 2007, na Operesheni Shujaa ilianza Kongo Novemba 2021. Kila msomaji wa magazeti anajua hayo. Kama kazi yako ni ya ISO au ESO, yaani idara za ujasusi wa ndani na wa nje, jina la taasisi linawekwa tu iwapo mkuu wako ameruhusu kwa maandishi. Vinginevyo eleza aina ya kazi, kwa mfano uchambuzi, uandishi wa ripoti, uratibu wa mipaka, na uache hapo. Wasaili wamezoea. Wanachopima ni busara yako, na anayemwaga siri ili apate ufadhili ameshajibu swali hilo.

Tegemea pia swali la haki za binadamu, hasa ukiwa polisi au jeshini. Kujibu kwa hasira au kwa kukana kila kitu humaliza usaili. Taja utaratibu uliopo, upungufu wake mmoja, na ungeurekebishaje.

Wadhamini

Unahitaji kwa kawaida watu wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa kazini. Mkuu wa usalama mara nyingi ni mdhamini mzuri kwa sifa na mbaya kwa vitendo: hana barua pepe ya ofisi, yuko kwenye doria, au hukuambia "andika mwenyewe nitasaini". Barua mbili zenye maneno yanayofanana huonekana. Mpe wiki 6, umpelekee ukurasa 1 wenye kozi unazoomba, mambo matatu uliyofanya chini yake na siku ya mwisho. Kama hana anwani ya taasisi, mwombe atumie ya idara. Ukishindwa kabisa, chagua mkuu wa ngazi ya chini anayekujua vizuri. Jenerali anayekujua kwa jina tu huandika aya mbili baridi.

Nyaraka: majina kwanza

Chukua cheti cha UCE, cha UACE, transkripti, kitambulisho cha taifa na pasipoti, uvipange mezani, usome jina herufi kwa herufi. Kwetu ni kawaida kukuta jina la Kikristo limeandikwa mwanzo hapa na mwisho pale, "Mohammed" imekuwa "Muhamad", na jina la baba limeongezwa NIRA (wanaotoa kitambulisho) lakini halimo UNEB (wanaotoa vyeti vya mitihani). Mpangilio tofauti au herufi moja mara nyingi humalizwa kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Jina lililobadilika kabisa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na hiyo huchukua muda. Fanya hivi miezi 6 kabla ya kuomba. Ukishajaza fomu kwa jina moja, kulibadilisha ni shida kubwa zaidi.

Chukua transkripti kadhaa zilizothibitishwa na msajili wa chuo. Kuhusu Kiingereza, baadhi ya vyuo vya Uingereza hukubali kwamba ulisoma kwa Kiingereza Uganda na vingine hudai IELTS, ambayo hudumu miaka 2. Uliza kila chuo kwa barua pepe na uhifadhi jibu lao.

Asikuombe mtu pesa ya "kukuwekea nafasi". Chevening haina ada ya kuomba, na hakuna wakala wa Kampala aliyepewa kazi ya kuiuza.

Ukishapata

Kwa Uingereza, soma barua ya udahili uone kama kozi inahitaji cheti cha ATAS. Hiki ni kibali cha masomo ya teknolojia zinazoweza kutumika kijeshi, na baadhi ya kozi za kompyuta na uhandisi zimo. Ni bure, lakini huchukua angalau siku 30 za kazi, na bila hicho hupati viza. Mtu wa usalama wa mtandao aanze siku anayopata udahili. Kipimo cha kifua kikuu hufanywa kliniki ya IOM Kampala na cheti chake hudumu miezi 6, kwa hiyo kukimbilia Februari kwa safari ya Septemba ni kulipa mara mbili.

Fomu ya viza inauliza kama umewahi kutumikia jeshi, polisi au usalama. Jibu ukweli, kwa tarehe zilezile ulizoandika kwenye maombi. Kuficha huhesabiwa udanganyifu, na Uingereza inaweza kukufungia mlango miaka 10 kwa hilo, wakati utumishi wenyewe si kosa.

Mwisho ni mkataba na mwajiri. Serikali ikikuruhusu kwenda na mshahara, itakusainisha urudi kutumikia kwa muda fulani. Linganisha muda huo na ule wa mfadhili: unaweza kudaiwa na pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kazi ya Umoja wa Mataifa uliyoahidiwa Nairobi huenda isihesabike kama kurudi Uganda. Uliza hilo kwa maandishi kabla ya kusaini, kisha acha nakala moja kwa ndugu unayemwamini.